Tabo hupapatika ninapoachia mafuta: je, niweke vali ya kumwaga hewa nje?

Swali
Ndugu mafundi, salaam. Ninaendesha Subaru Forester ya tabo (pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili kushindilia hewa ndani ya injini), ya mwaka 2004, yenye gia za mkono. Nikikanyaga mafuta sana kisha nikaachia ghafla ili nibadilishe gia, husikika mpapatiko chini ya boneti, na nikisimama kwenye taa injini huyumba kama inayotaka kuzima. Nimeshauriwa niweke vali inayomwaga hewa nje. Je, hiyo ndiyo dawa?

Jibu la 1
Ndugu, usinunue kitu kwanza. Unapoachia mafuta, kilango cha hewa cha injini hufunga ilhali tabo bado inazunguka kwa kasi inayoweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Hewa iliyoshindiliwa, kwa kukosa pa kwenda, hurudi nyuma na kuyapiga mapanga ya tabo, ikasukumwa mbele, ikarudi tena, na huo ndio mpapatiko unaousikia. Anayeumia ni beringi inayozuia shafti isisogee mbele na nyuma. Kiwanda kiliweka vali ya kuirudisha hewa hiyo kwenye paipu iliyo kabla ya tabo. Utaiona imewekwa kwenye intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye tabo. Kagua kimpira chembamba kinachotoka manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) hadi kichwani mwa vali. Kikiwa kimepasuka, vali haitafunguka, na injini itavuta hewa ambayo sensa haikuipima, jambo linaloweza kueleza hata huko kuyumba.

Jibu la 2
Nakubaliana na mwenzangu. Kimpira kikiwa kizima, vuta hewa kwa pampu ya mkono kwenye vali yenyewe: mshale wa geji ya pampu ukishuka mara moja, kiwambo cha ndani kimetoboka. Vali ya kumwaga nje siipendekezi kwa gari hili, kwa sababu sensa huwa imekwisha kuipima hewa ile, na kompyuta hunyunyiza petroli ya hewa isiyofika kwenye silinda. Utaona moshi mweusi na plagi zenye masizi.

Jibu la 3
Naongeza moja. Asije mtu akakushawishi kukaza westigeti (kilango cha kupitishia moshi kando ya tabo) ili kutibu mlio huu. Westigeti hupunguza moshi unaozungusha tabo wakati umekanyaga mafuta. Haihusiki na hewa inayorudi ukiachia. Tena ikiwa uko Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kuliko Mombasa, tabo tayari inazunguka kwa kasi zaidi ili kufikia presha ileile. Usiiongezee mzigo kabla ya vali kupona.