Mliovuka bahari kwa tanga, maisha ya chomboni yakoje? Tupeane uzoefu

Mzawa wa Bara:
Wakuu salaam. Habari za dhoruba na papa tumeshazisikia za kutosha. Mimi nataka yale msiyosimulia: mnalala saa ngapi, mnakula nini, choo kiko wapi, na mkigombana mnakwenda wapi. Iwe jahazi au yoti za kisasa, mwageni hapa. Wa meli za mizigo mtapata siku yenu.

TangaMbili:
Cape Town kunaundwa katamarani nyingi, yaani boti za matanga zenye viwiliwili viwili, na wanunuzi wa visiwa vya Karibi hupelekewa kwa kuvushwa bahari hivyohivyo. Tulikuwa watatu: nahodha, kijana wa Durban na mimi. Kituo cha kwanza kisiwa cha Saint Helena, Atlantiki ya Kusini, kama maili 1,700 za baharini.

Zamu ni saa tatu, kisha unapumzika saa sita. Ukisikia hivyo unaona raha, ila humo humo kuna kupika, kuosha vyombo, na kuamshwa tanga likitaka kupunguzwa. Usukani unashikwa na mashine. Mwenye zamu kazi yake ni macho: upepo umegeuka? Kuna meli kwenye skrini? Lile wingu jeusi linatujia? Tanga hupunguzwa wingu likiwa bado mbali. Na usiku hutoki nje bila kujifunga mkanda wa usalama, hata kama ni haja ndogo tu.

Kero yangu ni nailoni. Boti ya mtu lazima ifike mpya, kwa hiyo viti, magodoro na sakafu vyote vimefunikwa. Mwanzoni kuna baridi, huoni tabu. Mkikaribia ikweta, kila ukijigeuza kitandani ngozi inanata na nailoni inapiga kelele. Acha tu.

Saint Helena unafunga kwenye boya, mashua inakupeleka hadi ngazi za Jamestown. Pale kuna kamba zinaning'inia: unasubiri wimbi likuinue, unadaka kamba, unaruka.

Bint Mtwapa:
Kaka umeruka chakula!

TangaMbili:
Dada, kabichi ndiyo inayodumu, na vitunguu, viazi, malenge. Mayai hayaguswi na friji, tuliyageuza kila siku yasiharibike upesi. Nyanya huiva zote kwa mpigo, basi siku hiyo ni mchuzi asubuhi mpaka usiku. Tukipata fulusi kwenye ndoano, mimi nasonga ugali. Nahodha alianza kwa kuonja, mwisho akawa anauulizia.

Bint Mtwapa:
Mimi niliajiriwa mpishi kwenye yoti ya familia moja, Kilifi hadi Mahé, Shelisheli, maili 900 na ushei. Siku za mwanzo sikupika kitu, nilitapika. Kilichonisaidia ni tangawizi, kukaa katikati ya chombo ambako hakurukiruki sana, na kutazama mbali. Kuoga ni ndoo ya maji ya bahari na sabuni ya maji ya vyombo, maana ya kipande haitoi povu kwenye chumvi. Unamalizia kwa kikombe cha maji yasiyo na chumvi, ukizidisha unatazamwa. Akina dada, sukeni nywele kabla ya safari.

Upepo ukikatika ndiyo balaa. Tanga linapigapiga, boti inayumba papo hapo, na watoto wanauliza tutafika lini.

Mkaa Tezi:
Na mimi niseme. Mwanzoni mwa miaka ya 70 nalipanda jahazi la boriti za mikoko, Lamu kwenda Ghuba. Tuliondoka msimu wa demani, upepo wa kusi ukishapungua makali.

Kitanda ni mkeka juu ya boriti. Jiko ni sanduku la mchanga lenye mafiga. Tulikula wali, papa mkavu, tende na kahawa. Maji ya kunywa yako chini ya amri ya nahodha. Udhu ni wa maji ya bahari. Lamu kibla ni kaskazini, lakini kadiri tulivyopanda kilizunguka, na Maskati tukawa twaelekea magharibi. Nahodha ndiye aliyetuonyesha kwa dira.

Choo ni sanduku lililoning'inizwa ubavuni huko tezi, yaani nyuma ya chombo, chini wazi. Bahari ikichafuka, haja itasubiri. Asubuhi na jioni twafua maji ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, maana chombo cha mbao hakikosi kuvuja.

Kugombana? Mmoja atapelekwa omo, huko mbele, mwingine tezi. Lakini sinia ni moja, saa ya kula mtakaa magoti yakigusana.

Mzawa wa Bara:
Shikamoo mzee. Na mshahara?

Mkaa Tezi:
Marahaba mwanangu. Hapakuwa na mshahara, palikuwa na fungu. Nauli ya mzigo hutolewa gharama ya chakula, kisha fungu la mwenye chombo, kinachobaki ndicho chetu, na nahodha hupata zaidi. Ila kila baharia alikuwa na sanduku lake la biashara. Langu lilirudi na tende na mazulia mawili. Zulia moja nililiuza kabla sijafika nyumbani.