Naomba ushauri: mayai ya kipepeo kwenye mndimu wangu, nifanyeje mpaka waruke?

Mama_Uani: Wakuu, salaam. Niko Tanga, uani nina mndimu kwenye ndoo. Juzi kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano alikuwa anakunja tumbo, anagusa jani changa, anahamia jingine. Nimehesabu vijiyai saba, vya njano iliyopauka, vidogo kuliko kichwa cha pini. Mwaka jana tulilea mmoja kwenye chupa ya jamu, akatoka mbawa zimekunjamana, hakuruka. Binti yangu alilia, nami iliniuma sana. Safari hii sitaki tukosee.

Mkulima_Muheza: Pole dada. Huyo ni Papilio demodocus, anapenda sana jamii ya michungwa. Chupa ndiyo iliyomponza. Akitoka kwenye pupa (ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo), mbawa zake ni laini na zimejikunja kama kitambaa kilicholoa. Lazima ashike kijiti, mbawa zining'inie bila kugusa kitu, asukume maji ya mwili kwenye mishipa yake mpaka zinyooke. Tafuta ndoo pana, simamisha vijiti, funika kwa neti ya pazia. Chandarua cha mbu usiguse! Vingi vina dawa, viwavi watakufa wote.

Mama_Uani: Asante kaka, chandarua ndicho nilichokuwa nimeshaandaa! Na mayai niyabandue?

Pwani_Kilifi: La, kata jani zima. Shangazi yangu alifuga vipepeo karibu na Gede. Pale kuna mradi tangu 1993, wanakijiji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke huuza pupa ng'ambo. Yeye alikuwa akituambia: kiwavi mchanga anafanana na kinyesi cha ndege, msije mkamfuta. Akikua anageuka kijani. Ukimsumbua anachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa, zinanuka lakini hazidhuru. Akitulia bila kula, mwache, anajiandaa kujivua ngozi.

Mama_Uani: Majani yakiisha ninunue ndimu za sokoni zenye majani?

Mkulima_Muheza: Hapana, huenda zimepuliziwa dawa. Mndimu wa ndoo hauwatoshi saba, wakikua wanakula mno. Omba majani kwa jirani mwenye mlimau usiopigwa dawa, na kila siku uondoe vinyesi visiote ukungu.

Mama_Uani: Mrejesho: leo alfajiri yai moja lilikuwa limepiga weusi, saa moja likapasuka. Kiwavi ni mdogo kama kipande cha uzi, kaanza kwa kula ganda lake mwenyewe. Binti kachelewa shule, sikuweza kumwondoa pale.