Mrejesho: gati langu la vyombo vya anga limeacha kufanana na mdoli

Wakuu, nilileta swali hapa: kwa nini gati langu la modeli, la kipimo cha 1/72 (yaani dogo mara 72 kuliko kitu halisi), linaonekana kama mdoli ilhali nimelibandika vikorokoro kila mahali? Mkaniambia nipunguze msongamano, na niweke vitu vinavyoonyesha kimo cha binadamu. Nimefanya yote mawili.

Kosa kubwa lilikuwa mlango. Mlango wa mita 2 kwa kipimo hiki ni kama milimita 28. Wangu ulikuwa 40! Nimeukata upya na kuweka reli ya milimita 15 kando ya ngazi. Ukuta uleule sasa unaonekana mrefu mno.

Mabomba nimeng'oa karibu nusu, yaliyobaki yanatoka mahali na kwenda mahali. Nyaya nimezitoa kwenye earphone zilizokufa: nyuzi tatu za shaba, nikazisokota, kisha nikaziacha zilegee kidogo katikati, maana waya halisi huelemewa na uzito wake. Gundi naiweka kwa ncha ya sindano.

Uchafu wa kuigiza kwa rangi ndio ulionipa raha zaidi. Rangi ya kahawia niliyoizimua ikawa majimaji inaingia yenyewe kwenye maungio, kisha nafuta kwa pamba kuelekea chini. Gati liko juu ya sayari yenye mvutano, kwa hiyo michirizi lazima ishuke. Michubuko nimegonga kwa kipande cha sponji pale tu mikono na buti hupita.

Asanteni sana. Sasa nahamia kwenye taa.