Naomba ushauri: kulala kwenye mahema kando ya Rufiji na watoto

Wakuu, salaam. Sisi ni wa Mbagala, na Sabasaba hii tunataka kwenda kulala kwenye mahema kando ya Mto Rufiji, upande wa lango la Mtemere, Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Njia naijua hadi Kibiti. Kutoka pale kuingia Mloka nasikia ni vumbi na mashimo. Noah itafika kweli, au nisijidanganye nitafute gari la juu?

Kinachoninyima usingizi ni viboko. Usiku hutoka majini kula majani, na akikukuta umesimama kati yake na mto hapigi hodi. Mwanangu mdogo lazima aamke usiku kukojoa. Sasa hema nilifunge umbali gani kutoka ukingoni? Au tulale kambi za nje ya lango, pale Mloka, mtoni twende mchana tu kwa boti? Mama watoto anataka hivyo, na naanza kumkubali ingawa sijamwambia.

Shemeji naye kashanunua ndoano na mshipi, anaota kambale. Hifadhini huwezi kuvua kiholela, kwa hiyo aliyewahi kupata kibali anieleze utaratibu, la sivyo vifaa vyake vibaki Dar.

Halafu boti: wanatoza kwa kichwa au boti nzima? Na maboya ya kuvaa ya saizi ya mtoto wanayo, au ninunue kabisa Kariakoo?