Safari ya Baba Mdogo: kikundi cha ukoo, Tukuyu

Baba Mdogo: Habari za jioni wote. Upendo, mwezi wa nne nakuja China, Guangzhou, kwenye maonyesho ya biashara, awamu ya vyombo vya nyumbani, kuanzia tarehe 23. Nikimaliza nije Hangzhou unipeleke nikaone wanavyochuma chai.

Upendo: Shikamoo baba. Karibu sana, ila utakuta msimu umepita! Chai ya huku iitwayo Longjing, ile inayosifiwa, huchumwa kabla ya Qingming, siku ya Wachina ya kusafisha makaburi, tarehe 4 au 5 mwezi wa nne. Ya daraja la pili ni mpaka kama tarehe 20. Baada ya hapo wanachuma bado, lakini majani yamekomaa na bei imeshuka.

Shangazi Neema: Jamani, sisi hapa tunachuma mwaka mzima. Huko haraka ya nini?

Upendo: Shikamoo shangazi. Baridi ya huku inalaza michai miezi mizima. Ikiamka, machipukizi ya kwanza ndiyo yenye utamu. Joto likizidi yanakua mbio na ukali unaingia.

Baba Mdogo: Marahaba. Kwa hiyo mwisho wa mwezi wa tatu?

Upendo: Ndiyo baba, tarehe 26 hadi 31 hivi. Aina ya Longjing 43 inatangulia, michai ya kienyeji inafuata. Sikukuu ya Qingming yenyewe iepuke, njia ya kwenda kijiji cha Meijiawu inafurika magari. Na uweke siku ya akiba, mvua ikinyesha uchumaji unasimama.

Shangazi Neema: Wanachuma majani mawili na chipukizi kama sisi?

Upendo: Ya bei kubwa ni chipukizi na jani moja tu. Tena hawakati kwa ukucha, pale palipominywa panageuka peusi. Wanashika kwa ncha za vidole na kuvuta juu. Jioni mzee wa kijijini anakaanga kwenye karai kwa kiganja, anayabana majani mpaka yalale bapa. Nyumba nzima inanukia kama kunde zinazokaangwa. Kilo 1 ya chai kavu inakula kilo 4 au 5 za majani mabichi!

Shangazi Neema: Kumbe kazi ni ileile. Kaka, hilo usilikose.

Baba Mdogo: Natamani kweli. Lakini kutoka hapo mpaka maonyesho ni zaidi ya wiki tatu, na duka nalifunga?

Upendo: Yafute maonyesho, baba. Soko la Yiwu halisubiri msimu, na kutoka Hangzhou kwa treni ya kasi hata saa moja haifiki. Sufuria, chupa za chai, vikombe, vyote viko pale.

Shangazi Neema: Mtoto amesema vizuri. Nami nitakupa pakiti za chai yetu ya Rungwe umpelekee huyo mzee wa karai.

Baba Mdogo: Basi. Kesho namwona wakala, tiketi iwe ya tarehe 24 mwezi wa tatu. Upendo, niulizie chumba karibu na stesheni, kisiwe cha ghorofa ya juu sana, goti bado linanisumbua.