Kocha asimame wapi ili auone mchezo vizuri?

Shela_Beki3
Assalaam alaykum walimu wa Lamu na Malindi. Kwenye viwanja kama Twaif au Alaskan, kocha aliye kwenye laini haoni vizuri upande wa pili. Winga wa wapinzani yuko peke yake na beki hajulikani aliko. Lakini kocha akipanda juu, nani ataongea na wachezaji? Na sheria zasemaje?

Mwalimu_Barani
Wa alaykum salaam. Shida yenyewe ni kimo. Ukisimama, macho yako yako kama mita 1.6 juu ya ardhi, na laini ya pili iko mita 60 na ushei. Pengo kati ya beki wa kati na beki wa pembeni aliye mbali hulioni, wote huonekana wamepangana. Panda mita nne tu, urudi nyuma mita kumi, usawa wa mstari wa kati: pembe ya kutazamia laini ile huwa takriban mara tatu.

Nyuma ya goli nako kuna faida yake. Mapengo ya upana huonekana wazi, ila huwezi kujua viungo wameachana kiasi gani na mabeki.

Kukaa chini ndiyo mbaya zaidi. Kocha Marcelo Bielsa alipokuwa Leeds United ya Uingereza alikuwa akikalia ndoo kando ya laini, lakini yule hutegemea sana video na uchambuzi wa kabla ya mechi. Asiye na hayo asimuige. Luis Enrique wa Paris Saint-Germain, mwaka 2025, alitazama kipindi cha kwanza kutoka jukwaani kisha akateremka benchini.

Kibendera_Langoni
Upande wa sheria: eneo la ufundi, yaani pale kocha anaporuhusiwa kusimama mbele ya benchi, huzidi viti kwa mita 1 kila upande, na mbele huishia mita 1 kabla ya laini. Anayetoa maelekezo ni mtu mmoja kwa wakati mmoja. Simu ya mkononi yaruhusiwa kwa mambo ya ufundi au usalama wa wachezaji. Ukimwonyesha refa video ili ubishane naye, utatolewa, na tangu 2019 kocha naye huonyeshwa kadi.

Kocha_Mkomani
Kwa timu zetu, napinga kocha mkuu kupanda. Kutoka juu huoni nani ameshika magoti kwa kuchoka, na mabadiliko hufanywa kwa kuangalia hayo. Apande msaidizi, kwenye paa la jirani kwa idhini ya mwenyewe, au jukwaa la mbao lililokazwa barabara. Kwa simu ataje mambo matatu tu: nambari, mahali, kitendo. "Tatu, ingia ndani hatua tano." Wengi huharibu kwa kusimulia tukio lililokwisha pita. Kocha naye apeleke ujumbe mpira ukitoka nje, si ukiwa unachezwa.

Benchi liwe upande wa magharibi ikiwezekana. Saa kumi na moja jua liko chini, na aliye mashariki hukunja macho tu. Wakati wa kusi, mchezaji aliye upande upepo unakotoka hakusikii hata ukipasua koo, kwa hiyo kiungo mzoefu ndiye apokezane maneno. Timu zikibadilishana magoli, beki aliyekuwa karibu nawe huenda upande wa mbali. Kama una kijana mgeni pembeni, hesabu mapema ni kipindi gani atakuwa mbali na sauti yako, umpe maagizo yake wakati wa mapumziko.