Jiko la peleti linajizima lenyewe: fundi anataka kubadilisha ubao wa umeme

Kutoka: Mama Neema, Lewiston, Maine

Ndugu wanajumuiya,

Nawasalimu nyote. Nyumba tuliyohamia ina jiko la peleti sebuleni, yaani linalochoma vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, na kwa sisi tuliozoea makaa na kuni, chombo hiki bado ni kigeni. Tangu baridi ilipokaza, jiko linawaka vizuri kwa muda, kisha moto unafifia na kuwa wa rangi ya chungwa wenye moshi, kioo cha mlango kinageuka cheusi, na mwishowe linajizima na kuwasha taa ya hitilafu. Fundi aliyekuja kulitazama amependekeza tubadilishe ubao wote wa umeme, kwa bei ya kutisha. Kabla sijakubali, naomba kujua kama lipo jambo ninaloweza kulikagua mwenyewe.

Kutoka: Baba Salma, Portland, Maine

Mama Neema, pole kwa baridi. Nakushauri usinunue kifaa chochote kwa sasa. Ubao wa umeme ukiharibika, jiko huwa haliwaki kabisa au feni zake hufanya kazi ovyo. Haupaki masizi kwenye kioo. Moto mvivu wa rangi ya chungwa pamoja na kioo cheusi ni dalili za jiko linalokosa hewa, na jiko la peleti hukosa hewa hasa kwa sababu ya majivu.

Jiko la kuni huvuta hewa kwa nguvu ya dohani, kwa kuwa moshi wa moto hupanda wenyewe. Hili letu linategemea feni ya kutoa moshi, ambayo huvuta hewa ipite kwenye matundu ya bakuli la moto, izunguke mabomba yanayopasha hewa ya sebule, kisha itoke nje kwa bomba jembamba, mara nyingi la inchi 3 au 4. Mvuto huo hupimwa na swichi ndogo ya presha iliyounganishwa kwa mpira mwembamba. Mvuto ukipungua, swichi hukata umeme wa mota inayozungusha skrubu ya kuleta peleti kutoka kwenye tangi, na moto hufa kwa kukosa chakula. Kwa hiyo jiko lako huenda halijaharibika hata kidogo: limegundua kwamba halipumui sawasawa, nalo limejizima kama lilivyoundwa.

Lizime kwa kitufe chake na uliache lipoe kabisa, feni zisimame zenyewe, ndipo uchomoe waya wa umeme. Usitumie mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi: kichujio chake hupitisha majivu laini yakarudi chumbani, na kaa moja lililojificha linaweza kuwasha mfuko wa ndani. Zipo mashine maalumu za majivu, zenye tangi la chuma, na hata hizo ni za majivu yaliyopoa tu.

Anza na bakuli la moto. Litoe, ukwangue ndani kwa bisibisi bapa, kisha uliinue kwenye mwanga na kutazama kila tundu. Chini yake mara nyingi utakuta bonge gumu la kijivu, linalong'aa kidogo na lenye vijitundu. Hilo ni madini ya magome ya mti na mchanga yaliyoyeyuka kwa joto na kugandamana, na ndilo linaloziba hewa. Tundu lililo mbele ya kiwashio lizibuliwe kwa uangalifu zaidi, kwa sababu likiziba, hewa ya moto haizifikii peleti na jiko linashindwa kuwaka asubuhi. Zibua tu, usitanue tundu lolote. Unaporudisha bakuli, hakikisha limekaa sawa, maana likiinuka upande mmoja hewa hupita pembeni badala ya kupita kwenye matundu.

Watu wengi huishia hapo, wakamwaga droo ya majivu na kufuta kioo, kisha wakashangaa tatizo linaporudi. Majivu yanayosumbua yako nyuma. Ukuta wa ndani wa jiko, ule unaofanana na matofali, katika aina nyingi ni mabamba yanayotolewa kwa skrubu chache au kwa kuyainua. Yatoe, kisha ugongegonge kuta za nyuma kwa mpini wa bisibisi. Utasikia majivu yakiporomoka ndani. Pitisha brashi ndefu kwenye njia zilizo pande zote mbili na unyonye kila kinachoanguka. Baada ya hapo nenda nje, ufungue kifuniko cha kiungo cha bomba chenye umbo la T, uweke ndoo chini yake, na usugue bomba lote kwa brashi ya kipimo chake. Wavu uliopo mwisho wa bomba nao hukusanya masizi, na wakati mwingine ndege hujenga humo msimu wa joto.

Mpira wa swichi ya presha uchomoe pande zote mbili, uutazame kama umepasuka au kuungua, na uzibue kwa waya mwembamba kile kichuchu kilicho upande wa jiko. Usipulize kamwe kuelekea kwenye swichi, kwa sababu utando wake wa ndani ni mwepesi na utapasuka.

Mwisho ni peleti zenyewe. Mfuko wa kawaida hapa ni paundi 40, yaani kama kilo 18, na tani moja ya Marekani ni mifuko 50. Peleti za daraja la juu hazitakiwi kuacha majivu zaidi ya asilimia 1, ambayo ni kama gramu 180 kwa mfuko. Ukiona droo inajaa haraka kuliko hivyo, usilaumu jiko. Peleti nzuri ni ngumu, ina ngozi inayong'aa, na ukiivunja inatoa sauti. Iliyoingiwa na maji huvimba na kurudi kuwa unga wa mbao, na unga huo ukijaa kwenye njia ya skrubu huishindilia mpaka mota isizunguke. Tangi liachwe litumike hadi mwisho mara kwa mara, na unga ulio chini unyonywe.

Kutoka: Dada Rehema, Burlington, Vermont

Shikamoo Baba Salma, na pole Mama Neema. Naongeza mambo mawili. Wenyeji wa hapa hutumia mashine ya kupuliza majani ya miti, wakiiunganisha upande wa kuvuta na mdomo wa bomba nje ili ifyonze majivu yote kwa mara moja. Inafaa, lakini baada ya brashi na si badala yake, na wingu linalotoka ni kubwa; angalieni upepo unaelekea kwa jirani gani.

La pili ni zito zaidi. Jiko likishindwa kuwaka, msirudie kubonyeza kitufe huku peleti zikilundikana kwenye bakuli. Lundo hilo hufuka moshi bila ndimi za moto, gesi zake hujaa ndani ya jiko, na zikishika moto kwa ghafula zinaweza kufungua mlango kwa kishindo. Likishaacha kufuka na kupoa, toeni peleti zote ndipo mjaribu tena. Vivyo hivyo umeme ukikatika kwa dhoruba: feni husimama na moshi uliobaki hutafuta pa kutokea, kwa hiyo mlango wa jiko usifunguliwe. King'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotokana na moto, kiwe kwenye ghorofa ya jiko na karibu na vyumba vya kulala, nacho kiwe na betri. Gesi hiyo haina harufu.

Kutoka: Mama Neema

Asanteni sana wote wawili. Nyuma ya yale mabamba tumetoa majivu ya kujaza ndoo, na matundu ya bakuli yalikuwa karibu nusu yameziba. Sasa moto ni wa njano inayokaribia nyeupe, unachangamka, na kioo kinabaki na vumbi la kijivu tu. Hata hivyo, ukingo wa juu wa kioo, upande wa bawaba, bado unaingia weusi. Je, ni gasketi, ile kamba inayoziba hewa mlangoni? Na majivu haya niyaweke wapi?

Kutoka: Baba Salma

Chukua noti ya dola moja, ubane nusu yake kwenye mlango, ufunge, kisha uivute. Ikigoma, gasketi ni nzima. Ikitoka kwa urahisi, hewa inapenya hapo bila kupita kwenye bakuli. Rudia kuzunguka mlango wote, na jiko liwe baridi. Pima pia ukingo wa kioo chenyewe, kwa kuwa kina gasketi yake bapa, tofauti na ile kamba ya mviringo ya mlango.

Kamba ya kubadilisha inauzwa kwa unene, basi soma kitabu cha jiko lako kabla ya kununua. Nene kupita kiasi itazuia mlango usifunge. Kwangua gundi ya zamani mpaka chuma kionekane, paka gundi ya kuhimili joto, na ulaze kamba bila kuivuta, kwani ikivutwa inakuwa nyembamba. Kisha funga mlango gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Majivu yaende kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko unaobana, nayo ikae nje juu ya zege au changarawe, mbali na baraza la mbao, kwa siku kadhaa hata kama yanaonekana yamekufa. Kama nyumba ni ya kupanga, mwandikie mwenye nyumba sasa kuhusu gasketi, na umwombe risiti ya usafishaji wa mwisho wa bomba.